Matundu ya Juu

Mume wangu anaitwa Pua. Si jina alilopewa na wazazi wake; mtaa ndio uliompa, naye akalipenda kuliko lake la kuzaliwa. Anauza gesi ya kupikia, na sijasikia mtungi uliovuja karibu na kwetu asiunuse yeye kwanza. Anaweza kuwa anapita zake nje ya dirisha la mtu, mara anasimama, anakunja uso, anabisha hodi na kumwambia mwenye nyumba kwamba mpira wa jiko lake umechoka. Wanauangalia, wanakuta kweli umechoka. Basi watu wakamwamini, na mimi nikamwamini pamoja nao, maana mke wa muuza gesi akianza kuiogopa gesi hatalala maisha yake yote.

Somo lake ni moja, na hata mtoto anayetumwa dukani kwake kufuata mtungi amelishika kwa moyo. Gesi ni nzito, hulala chini. Itanuka kabla haijaua, kwa hiyo ukiisikia harufu usiwashe kitu, fungua mlango, na kama chumba hakina pumzi, toboa matundu chini ya ukuta ili itambae iende zake. Kinga ni bora kuliko tiba, anamalizia, kisha anakuuliza kama una chenji.

Hofu yangu mimi ilianza siku shemeji alipokuja na lile gari. Shemeji ni mdogo wake Pua, anakaa nasi, kazi yake udereva. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inayajaribu magari yanayotumia haidrojeni, ikamkabidhi moja abebe nalo abiria mjini ili waone kama yanafaa. Lilikuwa zuri, jeupe, halina ngurumo wala moshi. Nyuma lilidondosha maji tu, na shemeji, anayependa kutazamwa, akayakinga kwenye kikombe mbele ya majirani akayanywa. Wakampigia makofi. Mimi nilimwambia aende akasukutue.

Ubishi wa siku ile ulikuwa mtamu. Fundi cherehani wa nyumba ya jirani aliuliza kituo cha kujazia kiko wapi, akaambiwa kipo kimoja tu mji mzima, na kikiharibika pampu unasubiri. Akasema basi hilo si gari, ni pambo la sebuleni. Shemeji akajibu kwamba kila kitu huanza kimoja, hata simu. Pua naye aliuliza kuhusu tangi. Shemeji akaeleza kuwa hewa imeshindiliwa humo kwa nguvu ambayo hata tairi la lori haliijui, lakini tangi lenyewe limegongwa, limechomwa, limepigwa risasi kwenye majaribio, na halikupasuka. Na ikivuja je? Ikivuja inapaa, akasema, nyepesi kuliko kitu chochote, kabla hujafunga mkanda imeshafika mawinguni.

"Inanuka vipi?" Pua akauliza.

Shemeji akasema hainuki. Haina harufu, haina rangi, na ikiwaka mchana hata moto wake huuoni. Watu wakacheka, wakadhani anawatania. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo mkononi. Nyoka nimemzoea, kwa sababu namwona. Kitu kisichoonekana wala kunuka wala kusikika, unakaribishaje nyumbani kitu kama hicho?

Kampuni ilitoa sharti moja kubwa: gari lilale nje, mahali penye anga juu yake. Likalala nje. Wezi wakaondoka na kioo kimoja cha pembeni, na siku nyingine asubuhi tukakuta wamelegeza nati za gurudumu. Shemeji akaja kwa kaka yake na uso wa mtu aliyefiwa, akaomba lilale ndani. Chini ya nyumba yetu kuna chumba cha gari ambacho siku zote kilikuwa stoo: humo kuna friza langu la barafu, kuna swichi kuu ya umeme, na kuna mlango wa chuma unaojivuta kwa mota ambao Pua alijivunia sana aliponunua. Juu yake hasa ndipo kilipo chumba cha mama mkwe. Nikasema hapana. Nikasema gari hilo halilali chini ya mgonjwa.

Maana mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga. Alianguka bafuni, akalazwa, akarudi, na tangu hapo kitanda chake kikawa ndio dunia yake, na mimi nikawa miguu yake. Hatukupendana sana, nisiseme uongo. Kwake yeye mwanawe alistahili mke mpole, akapewa mimi. Lakini kumwosha mtu kila siku ni kumjua, na aliyemjua mtu mpaka uti wa mgongo hawezi kutaka aungue.

Pua aliniambia nimwachie mwenye kazi yake. Akachukua nyundo na tindo, akatoboa matundu makubwa chini ya ukuta, sakafuni kabisa, kazi safi isiyo na ufa. Kisha akapanda ngazi akayaziba kwa saruji matundu ya juu, yale ya zamani ya kupitishia hewa yaliyo chini kidogo ya dirisha la mama yake. Nilimuuliza kwa nini anayaziba. Akasema ili kisije kikampandia mama kitu chochote cha lile gari, hata vumbi. Gesi itatambaa chini itoke, mama atavuta hewa yake safi. Aliniangalia kutoka kule juu kwa furaha ya mtu anayemjengea mama yake nyumba, na mimi nikamshikia ngazi. Shemeji alikuwa kazini. Aliporudi akaona matundu mapya, akamshukuru kaka yake, akaingiza gari.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeshapanda. Shemeji alirudi mapema, akalalamika kwamba gari limekwaruza tumbo kwenye jiwe la barabara inayochimbwa. Akaliingiza ndani, akashusha mlango, akaenda kunyolewa huku simu yake ameiacha kwenye chaji. Mimi nilikuwa ua wa nyuma nakamua mashuka ya mama mkwe. Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

Alikuwa injinia wa kampuni. Akanisalimu kwa adabu, akasema amempigia shemeji mara nyingi hapokei, na mimi ndiye niliyeandikishwa kama mtu wake wa karibu. Gari limetuma taarifa lenyewe, tangi linapungua ilhali gari limesimama. Akaniuliza liko wapi. Nikamwambia liko ndani.

"Ndani wapi, dada?"

Nikamweleza chumba. Akauliza kama kina matundu ya hewa, nikasema yapo, mume wangu ametoboa makubwa, chini. Akauliza na juu je. Nikamwambia juu ameziba.

Nilimsikia anavuta pumzi. Alipozungumza tena, adabu ilikuwa imemtoka.

"Usiwashe kitu, usizime kitu. Usiguse huo mlango. Hiyo gesi hailali chini, iko darini sasa hivi inajaa. Nani yuko nyumbani?"

Nikasema mama mkwe, na kwamba yuko juu yake hasa. Akaniuliza kama anaweza kutembea. Nikasema hawezi. Akauliza humo ndani kuna kitu gani cha umeme kinachojiwasha chenyewe, na hapo ndipo maji yaliponifika shingoni, kwa sababu nililikumbuka friza. Kila mwenye friza anajua tabia yake. Linanguruma, linanyamaza, linakaa kimya kama limelala, halafu likitaka lenyewe linashtuka na kunguruma tena. Nilitega sikio. Lilikuwa kimya.

Ningekata umeme, lakini swichi kuu ilikuwa mle mle. Injinia akasema yuko njiani na zimamoto, nimtoe mama sasa hivi. Nikaitupa simu juu ya mashuka nikakimbia.

Ngazi za kwenda kwa mama mkwe ziko nje, zinapita ubavuni mwa kile chumba. Nilipopita mlango wake mdogo wa pembeni nikasikia sauti nyembamba sana, kama mtu anayefyonza meno bila kukoma. Nilikuwa naogopa kukanyaga kwa nguvu, naogopa hata kandambili zangu zisije zikatoa cheche, ujinga mtupu, nikazivua nikapanda pekupeku.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mito. Nikamwambia mama, tunatoka, gari linavuja. Akanusa.

"Mbona sisikii harufu?"

Nikamwambia hainuki. Akaniangalia jinsi anavyoniangalia siku zote, kama karani anayeangalia hati ya mtu asiyemwamini, akasema mwanawe angekuwepo angejua. Kisha akataka kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nimeshamgeuzia mgongo nimechuchumaa, naye anasema hatoki barabarani kichwa wazi akachekwe na fundi cherehani. Nilivuta kitambaa nikamfunga ovyo, fundo likamwangukia sikioni. Akasema nimemfunga kama mzigo wa kuni. Sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo zangu na nilijua kilichokuwa chini ya sakafu ile, nikawaza: likishtuka sasa, tunaondoka wote wawili tukigombania kitambaa.

Nilimbeba mgongoni. Ni mwanamke mzito, na nyonga ile ilimuuma mpaka akaning'ata begani ili asipige kelele. Kila ngazi niliyoshuka nilisikiliza. Kile kitu kilikuwa bado kinafyonza meno. Friza lilikuwa bado kimya, nami nikaliomba, mimi niliyewahi kulipiga mateke kwa uvivu wake, nikaliomba liendelee kulala. Katikati ya ngazi mama mkwe aliacha kunisema. Nadhani alikuwa ameusikia moyo wangu kupitia mgongoni.

Tulipofika getini, Pua alikuwa anaingia mbio na aproni yake ya dukani. Jirani alikuwa ameniona nikishuka na mzigo wangu akamkimbilia dukani, hapo kona tu. Nilimweleza kwa pumzi zilizobaki: gari linavuja, imejaa darini, usiende. Badala ya kurudi nyuma, uso wake ukatulia. Nimeuona uso huo mara nyingi, ndio anaowapelekea wateja waliotaharuki. Akanipita, akapiga magoti kwenye matundu yake ya chini, akaweka pua kwenye tundu la kwanza, akavuta. Akahamia la pili, akavuta.

"Hakuna kitu humu," akasema. "Nanusa gesi tangu sijakuoa."

Nikamwambia haina harufu, mdogo wako mwenyewe alisema. Akajibu kwamba mdogo wake ni dereva. Akatoa funguo mfukoni, akasimama mbele ya mlango mdogo, akasema anaingia azime swichi kuu mara moja, mambo yaishe. Nilitaka kumrukia, lakini mama yake alikuwa mgongoni mwangu, na siwezi kueleza uchungu wa kuwa na mikono miwili ambayo yote ina kazi. Nilipiga kelele asifungue.

Mama mkwe ndiye aliyesema, pale sikioni kwangu, bila kupaza sauti.

"Ukiingia humo, mimi narudi juu."

Pua akageuka na tabasamu. Akasema mama, usiwe na wasiwasi, ni dakika moja. Mama mkwe akaniachia shingo. Aliteleza mgongoni kwangu mpaka chini, nikashindwa kumzuia, akaanguka kwa ule ubavu mbovu, na sauti aliyoitoa sitaki kuisikia tena. Halafu akaanza kutambaa. Mwanamke yule, na kitambaa chake sikioni, alianza kujiburuta kwa viwiko kwenye changarawe kuelekea ngazi za chumba chake.

Hapo Pua aliacha funguo zikining'inia mlangoni akamkimbilia. Akamwinua mikononi kama mtoto, analia, anamwambia mama umefanya nini, na mimi nikamshika aproni nikawavuta wote wawili mpaka nje ya geti, ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa fundi cherehani. Alikuwa hajamlaza chini vizuri.

Sikusikia friza likiwaka. Nilisikia kishindo kimoja, kisha sikusikia kitu kabisa. Ukuta tulioegemea ulitusukuma. Nilipochungulia, mlango wa chuma ulikuwa umelala katikati ya barabara, na chumba cha mama mkwe hakikuwa na sakafu. Kitanda chake kilikuwa kimeingia chini, miguu juu, mito imetapakaa uani na manyoya yake bado yanaelea.

Injinia alifika na zimamoto. Watu walitaka kusogea kwa sababu hawakuona moto, waliona gari jeupe lililobondeka tu na hewa inayotetemeka juu yake. Askari mmoja wa zimamoto akachukua fagio, akalinyoosha mbele yake akitembea taratibu, kama kipofu na fimbo. Hatua chache kabla ya gari, fagio likashika moto. Hakuna aliyeona limewashwa na nini. Watu wote tukarudi nyuma, hata wale wabishi, na mtoto wa jirani akaanza kulia.

Walipomaliza kuipoza ile hewa, injinia akaingia na mkuu wa askari. Walitoka wakisema tangi halikupasuka, ni zima. Ni vali ya mdomoni iliyolegezwa na lile jiwe. Injinia alikuwa kijana. Akasema, kama anayejitetea mbele ya hakimu, kwamba gari hilohilo lingevuja vilevile barabarani hewa ingeichukua yote, msingejua hata kama lilivuja. Kisha akatazama ule ukuta, akaona saruji mpya kwenye matundu ya juu.

Mkuu wa askari akauliza ni nani aliyeyaziba.

Pua alikuwa ameketi chini kando ya mama yake, akisubiri gari la wagonjwa. Shemeji alikuwa amefika, nusu ya kichwa kimenyolewa nusu bado, na hakuna aliyemcheka.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Vumbi lilikuwa linanipanda. Nilimlazimisha." Akanitazama mimi, akaongeza kwa sauti ndogo iliyokusudiwa mimi peke yangu, "Watamfunga mtu asiyeweza kusimama?"

Nilielewa anachoniomba. Mimi ambaye sijawahi kumwacha aseme uongo hata kuhusu chumvi, nilifunga mdomo. Mkuu wa askari akatikisa kichwa, akaanza kugeuka. Ningefurahi mambo yaishie pale, na nyumba yetu, na aibu yetu.

Ndipo Pua akasema kwamba mama yake anadanganya. Aliziba mwenyewe, kwa mkono wake. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua.

"Na kwa mwenzake nimeziba."

Shemeji akamuuliza mwenzangu yupi. "Yule dereva mwingine mwenye gari kama lako," Pua akasema. "Alikuja kuona kazi yangu akaipenda. Jumapili nilikwenda kwake. Nikamtobolea chini, nikamzibia juu. Watoto wake wanachezea mle ndani mvua ikinyesha."

Injinia alikuwa tayari ametoa simu. Ile ya dereva haikupatikana. Akatafuta ya mkewe, ikaita, ikaita, sote tumeinamia kile kisimu kidogo kana kwamba kingetupa joto, mpaka ikapokelewa. Pua akaipokonya, akaiweka sikioni, na mtu yule aliyeufundisha mtaa mzima hakuweza kutoa hata hodi. Nikaichukua mimi.

Nikajitambulisha, nikamuuliza kama gari lipo. Akasema lipo ndani, mume amelala, amechoka. Nikamwambia dada yangu, nisikilize, usiwashe kitu, usizime kitu, usifungue huo mlango, mwamshe mumeo, wachukue watoto mtoke nje sasa hivi muende mbali. Nyuma yake nilisikia mtoto anacheka, na chombo fulani kinanguruma, sikujua ni cha nini.

Nikamsikia anavuta hewa puani, taratibu, kwa makini, kama alivyofundishwa.

"Mbona hapa hakunuki kitu?" akasema.